Nani Humsemea Mpishi: Karatasi za Jikoni Katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Kazi ya kupika kwa ujira ni ya zamani katika nchi iliyo kati ya Shinyanga na Ziwa Victoria. Mtihani wa kazi hiyo ni wa juzi. Kwa zaidi ya miaka mia moja mpishi alihama kutoka msafara hadi kambi, kutoka nyumba ya Mzungu hadi mgodini, na kila alipofika alihitaji mtu wa kumsemea kwamba kweli anajua kupika. Aliyemsemea alibadilika kadiri nyakati zilivyobadilika: kiongozi wa msafara, bwana mwenye nyumba, ofisi ya mgodi, mtahini wa serikali, na siku hizi hata mtahini wa nchi ambayo mpishi mwenyewe hajawahi kuiona. Historia ya cheti cha upishi katika ukanda huu ni historia ya jinsi neno la kumsemea mpishi lilivyotoka, polepole na kwa kusuasua, mikononi mwa mwajiri wake.

Katika karne ya 19, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, iliendelea kaskazini-magharibi kupitia nchi ya Kahama na Usumbwa kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walijigawa katika makundi madogo ya kula pamoja, kila kundi na chungu chake na zamu zake za kuokota kuni, kuteka maji na kusonga ugali. Mpishi wa kulipwa alikuwa wa wakubwa: mfanyabiashara wa pwani, mmisionari, mpelelezi wa Kizungu. Huyo hakuwa na karatasi yoyote. Watu walewale walikutana tena na tena kambini, na mpishi aliyeiba chumvi au kuunguza wali alikuta habari zake zimemtangulia Tabora. Utaratibu huo ulikuwa wa haki kwa kiasi chake, maana waliomhukumu mpishi ndio waliokula chakula chake. Ulikoma, hata hivyo, pale habari za kambini zilipokoma. Nje ya njia ya misafara mpishi alikuwa mgeni kama mgeni mwingine yeyote.

Nyumbani upishi haukuitwa ufundi, ingawa ulikuwa ufundi mzito. Mwanamke wa Kisukuma alijua kusaga mtama na uwele na kusonga ugali wa kushibisha watu waliotoka shambani. Alijua pia jambo gumu zaidi, yaani kuihifadhi neema ya masika hadi kiangazi. Viazi vitamu hukatwa vipande na kuanikwa juani vikawa michembe, au huchemshwa kwanza kisha kuanikwa vikawa matobolwa. Majani ya kunde hukaushwa na kuwekwa akiba, nayo huitwa nsansa. Samaki wa ziwani hubanikwa au kuanikwa ili wasafiri siku nyingi bila kuoza. Mtu anayejua ni lini michembe imekauka kiasi cha kutovunda ghalani anajua mambo ambayo vyuo vya leo huyafundisha katika somo la usalama wa chakula. Maarifa hayo yalirithishwa kwa mabinti bila ada wala cheti, na kwa sababu hiyo hiyo, zama za mishahara zilipofika, hayakuhesabiwa na mtu yeyote.

Zama hizo zilikuja na utawala wa kikoloni. Uingereza ilipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mahusiano ya kazi yaliwekwa chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga, na pamoja nayo wakaja maofisa, wafanyabiashara wa pamba, watafiti wa madini na wamisionari ambao wote walitaka mtu wa kuwapikia. Jikoni mwa nyumba hizo kulikuwa na ngazi zake. Juu alikuwa mpishi, karibu siku zote mwanamume. Chini yake boi wa mezani. Chini kabisa toto wa jikoni, kijana aliyeosha masufuria, kuchochea kuni na kutazama. Kutazama huko ndiko kulikokuwa chuo. Baada ya miaka kadhaa toto alikuwa anajua kuoka mkate kwenye debe, kutengeneza supu ya kuchuja na kupika nyama ya kuoka kwa namna ambayo bwana aliizoea kwao. Nairobi, mwaka 1928, chama cha akina mama wa Kanisa la St Andrew kilitoa kitabu cha mapishi kwa ajili ya walowezi wa Kenya. Vitabu vya aina hiyo vilimwendea bibi mwenye nyumba, naye ndiye aliyempa mpishi maagizo kwa mdomo, kwa Kiswahili kifupi cha amri.

Ushahidi wa mpishi wa namna hiyo ulikuwa barua. Bwana alipohama au kurudi Ulaya, alimwandikia mtumishi wake karatasi ya mistari michache: amefanya kazi miaka kadhaa, ni mwaminifu, hanywi pombe, hupika vizuri. Mpishi aliitunza ndani ya kopo au akaifunga kwenye kitambaa, akaitoa kwenye kila mlango aliobisha. Barua hizo zilikuwa na udhaifu ambao wapishi wenyewe waliujua kuliko mtu mwingine yeyote. Ziliandikwa kwa Kiingereza, na wengi wa waliozibeba hawakuweza kuzisoma. Mpishi aliweza kubeba kwa miaka mingi karatasi iliyomsema vibaya bila kujua. Zilipima tabia zaidi ya ufundi: uaminifu na utii vilitajwa kabla ya chakula. Tena zilitegemea hiari ya bwana. Aliyegombana na mwajiri wake siku ya mwisho aliondoka mikono mitupu, hata kama alimpikia miaka 10. Biashara ya kuazimana na kununua barua nzuri ilizaliwa hapo, nayo ikawapa waajiri sababu ya kuzitilia shaka hata barua za kweli.

Kenya ilichukua njia kali zaidi. Kipande, hati ya utambulisho iliyoanza kutumika huko miaka ya 1919 na 1920, kilimlazimu mwanamume wa Kiafrika kubeba rekodi ya kazi zake shingoni, na mwajiri ndiye aliyeandika ndani yake. Huko Tanganyika wapishi walijaribu kuinua sauti yao wenyewe. Katika miaka ya 1940 paliundwa Dar es Salaam chama cha wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani, mojawapo ya vyama vya mwanzo vya wafanyakazi wa Kiafrika nchini. Miaka ya 1950 chama cha wafanyakazi wa majumbani na hotelini kilikuwa miongoni mwa vyama vilivyochangamka katika mji mkuu, na mwaka 1956 wanachama wake waligoma. Katika harakati hizo wapishi walijitokeza kama watu wenye kazi yenye jina, wakikataa kuwa mali ya jiko la mtu mmoja. Wazo la kwamba ujuzi wao ungeweza kupimwa na mtu asiyekuwa bwana wao lilikuwa bado mbali.

Kanda ya Ziwa ilikuwa na waajiri wa aina nyingine. Dhahabu ya Geita ilikuwa imejulikana tangu utafiti wa Wajerumani mwaka 1898, na katika miaka ya 1930 kampuni ya Geita ilianza uchimbaji mkubwa uliodumu hadi mwaka 1966. Kusini-mashariki yake, mwaka 1940, mwanajiolojia wa Kikanada John Williamson aligundua mwamba wa almasi wa Mwadui, ambao leo umo katika Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga. Mwadui ikawa mji kamili, wenye hospitali, shule, maduka na uwanja wake wa ndege. Katika migodi ya namna hii palikuwa na upishi wa namna mbili usiokutana. Kibarua wa mkataba alipewa posho mbichi, yaani unga, maharage, chumvi na nyama kidogo, akajipikia mwenyewe au akapikiwa na mkewe kama alikuja naye. Mameneja na wataalamu walikuwa na klabu na nyumba za wageni zenye wapishi wa mshahara. Mpishi wa klabu alikuwa amepiga hatua moja mbele ya mpishi wa nyumbani: alipikia wengi, alifuata zamu, na jina lake lilikuwamo kwenye vitabu vya kampuni. Neno la kumsemea, hata hivyo, liliishia getini mwa kampuni hiyo.

Taasisi ya kwanza kuwapanga wapishi kwa madaraja ya ufundi ilikuwa jeshi. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia maelfu ya Watanganyika waliingia katika majeshi ya Mfalme ya Afrika Mashariki, na baadhi yao walipika kwenye mistari ya mbele ya Abisinia na Burma. Uingereza yenyewe iliunda kikosi maalumu cha upishi mwaka 1941, ikiwa imegundua kwamba askari anayelishwa vibaya hapigani vizuri. Jeshini kupika kulikuwa na mafunzo, ukaguzi wa usafi na vipimo vya chakula kwa idadi ya vichwa. Wale waliorudi Usukuma baada ya 1945 walikuja na kitu ambacho barua ya bwana haikukitoa: uzoefu wa kupimwa kwa kipimo kimoja na wenzao wote. Jambo la kusikitisha ni kwamba soko la kazi walilolirudia halikuwa na mahali pa kuupokea uzoefu huo.

Upimaji wa kiserikali wa ufundi ulianza upande wa viwanda. Historia rasmi ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania huanzia kwenye Sheria ya Uanagenzi ya mwaka 1940. Shule za ufundi zilizofuata, Ifunda mwaka 1951 na Moshi mwaka 1957, zilifundisha uashi, useremala, ufundi wa magari na kazi za namna hiyo. Bunge lilipitisha Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi mwaka 1974, na mitihani ya ufundi ikajulikana kwa madaraja yake matatu: Daraja la Tatu kwa fundi anayeanza, la Pili kwa aliyekomaa, la Kwanza kwa bingwa. Uzuri wa mitihani hii ulikuwa kwamba haikuuliza mtu alisoma wapi. Fundi aliyejifunza chini ya mwembe aliweza kukaa meza moja na mhitimu wa chuo, wote wakapewa kazi ileile ya mikono na kuhukumiwa kwa matokeo. Kenya ilikuwa na mfumo unaofanana nao, na wapishi wa hoteli za Mombasa na Nairobi waliweza kupanda madaraja hayo. Kwa kijana wa Shinyanga nafasi hiyo ilikuwa finyu. Mafunzo ya hoteli yalikuwa Forodhani, Dar es Salaam, na baada ya 1975 waliobahatika zaidi walikwenda Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichojengwa kwa msaada wa Uswisi. Vyuo vyote viwili vilitazama pwani na mbuga za wanyama. Ukanda wa madini, ambao mgodi wake mkubwa wa dhahabu ulikuwa umefungwa, haukuwa na watalii.

Dhahabu iliporudi, ilirudi kwanza kwa mikono ya wachimbaji wadogo. Kulegezwa kwa biashara ya madini mwishoni mwa miaka ya 1980, na uamuzi wa Benki Kuu kununua dhahabu kuanzia mwaka 1990, vilivuta makumi ya maelfu ya watu kwenye maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, ya Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na Bulyanhulu. Kila palipotokea rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya, mama ntilie walifika siku hiyohiyo. Banda la miti na turubai, mafiga matatu, sufuria mbili kubwa na pipa la maji vilitosha kufungua biashara.

Upishi wa rashi una masharti yake, na unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndio uliolisha dhahabu ya Tanzania kwa muongo mzima na bado unailisha. Maji hununuliwa kwa dumu. Kuni zinazidi kuwa mbali kadiri kambi inavyokaa. Wateja hutoka shimoni kwa nyakati zisizotabirika, wakiwa na njaa ya watu waliopiga nyundo usiku kucha, na wengi hawana fedha hadi mawe yao yatakaposagwa na kuoshwa. Mpishi hupika kwa mkopo, akiandika majina kwenye daftari na kukisia duara lipi litatoa na lipi litakauka. Lazima ajue bei ya gunia la unga Kahama na Katoro, ajue sato atafika saa ngapi kutoka ziwani, na ajue kukadiria ugali wa watu 60 bila mizani na bila kubakiza. Ni kazi ya mpishi, mhasibu na meneja wa ghala kwa pamoja, na inafanywa na mwanamke mmoja na binti zake. Pamoja na hayo, ipo hatari isiyosemwa vya kutosha: katika kambi nyingi dhahabu hukamatwa kwa zebaki na kuchomwa kwenye moto wa wazi, wakati mwingine hatua chache kutoka mahali pa kupikia.

Karatasi alizokuwa nazo mama ntilie hazikuhusu ufundi wake. Kanuni za afya zilimtaka mshika chakula apimwe kila baada ya miezi 6 ili kuthibitisha kwamba hana magonjwa ya kuambukiza. Ushuru wa kijiji ulikuwa na risiti yake. Mwezi Disemba 2018 serikali ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Karatasi moja ilithibitisha kwamba si mgonjwa, nyingine kwamba amelipa. Hapakuwa na hata moja iliyosema kwamba anajua kupika.

Wakati rashi hizo zikiendelea, migodi mikubwa ilirudi. Wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu mwaka 1996. Mgodi wa kisasa ukafunguliwa hapo mwaka 2001. Mgodi mpya wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Buzwagi, pembeni mwa mji wa Kahama, mwaka 2009. Ndani ya uzio wa migodi hii liliingia jiko ambalo wilaya hizo hazikuwahi kuliona: mamia ya sahani kwa kila mlo, zamu mbili kwa siku, vyumba vya baridi, vipimajoto, mbao za kukatia zenye rangi tofauti kwa nyama mbichi, samaki na mboga, na daftari la kuandika joto la kila sufuria. Huduma hiyo kwa kawaida ilipewa wakandarasi wa chakula, na wakandarasi waliajiri wenyeji wengi kama wasaidizi. Mtu aliyeanza kwa kumenya viazi aliweza, baada ya miaka michache, kusimamia meza ya vyakula vya moto. Jiko la mgodi likawa chuo kikubwa cha upishi katika mikoa hii, ingawa halikuitwa chuo.

Kasoro yake ilionekana mkataba ulipoisha. Mwaka 2009 hivi kampuni za madini, pamoja na chama chao na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, zilianzisha katika chuo cha VETA Moshi mafunzo maalumu ya mafundi wa migodini. Mafunzo hayo yalijengwa juu ya mitambo na umeme, na waliohitimu walipata sifa inayotambulika ndani na nje ya nchi. Mpishi hakuwemo. Buzwagi ilipomaliza uchimbaji na kufungwa mwaka 2021, fundi mitambo aliondoka na vyeti vinavyoeleza daraja la ufundi wake. Mpishi aliondoka na hati ya utumishi, ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka kila mwajiri aitoe. Hati hiyo hutaja cheo na tarehe. Ni bora kuliko barua ya zamani, kwa kuwa mwajiri halazimiki kumpenda mtu ili aiandike, lakini nayo haisemi mtu anaweza nini. Mtu aliyepikia watu 800 kwa siku na aliyeosha vyombo vya watu hao wanaweza kubeba karatasi zinazofanana kwa karibu kila neno.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na utaratibu unaoitwa urasimishaji wa ujuzi, yaani kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. VETA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994 na kugharamiwa kwa sehemu kubwa na tozo ya mishahara inayolipwa na waajiri, ilikuwa imehamia kwenye mafunzo yanayopima umahiri, yenye tuzo za taifa za ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani iliandaa mwongozo wa urasimishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na kazi za jikoni na za mezani zilikuwa miongoni mwa fani za mwanzo, sambamba na uashi na useremala. Kuanzia mwaka wa fedha 2016/17 Ofisi ya Waziri Mkuu iliuingiza utaratibu huo katika programu ya taifa ya kukuza ujuzi, ikagharamia upimaji wa maelfu ya mafundi mikoani. Chuo cha Shinyanga na vyuo vilivyojengwa baada ya Geita kuwa mkoa mwaka 2012 viliuleta mtihani huo karibu na migodi. Kabla ya hapo, mkazi wa Geita aliyetaka chuo cha hoteli alivuka ziwa kwa kivuko cha Busisi kwenda Mwanza.

Mpango wenyewe unafuata hatua. Mwombaji hujaza fomu na kueleza alijifunza wapi na amefanya nini. Hukusanya ushahidi: hati za utumishi, picha za kazi, maelezo ya waliomwajiri au waliofanya naye kazi, na kwa mama ntilie barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Hufuata mahojiano, ambayo humsaidia mtu asiyeandika vizuri kuonyesha anachokijua kwa mdomo. Kisha huja jiko. Mtahini humpa kazi ya kupika kwa muda maalumu na kusimama pembeni akitazama mpangilio, mikono, kisu, moto, upotevu wa malighafi, na mwisho sahani yenyewe. Anayeonekana na mapungufu hupewa mafunzo mafupi ya kuyaziba kabla ya kupimwa tena.

Wapishi wa ukanda huu huingia kwenye upimaji huo na nguvu zao na udhaifu wao. Wingi hauwatishi. Kuokoa chakula wanakujua, kwa sababu kwa mama ntilie kila kijiko cha unga ni mtaji wake. Kinachowasumbua mara nyingi ni usalama wa chakula kwa maana ya kitaalamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 unataka chakula kilichopikwa kifikie nyuzi joto 70 ndani kabisa, kisha kitunzwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 au ubaridi wa chini ya nyuzi 5, maana kati ya viwango hivyo vijidudu huzaana kwa kasi. Sufuria ya maharage inayokaa bandani tangu saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni imo katikati ya eneo hilo la hatari kwa muda mrefu. Jambo jingine ni vipimo vilivyoandikwa. Anayepika kwa jicho hupata ladha ileile kila siku, lakini hawezi kumwachia mwenzake zamu kwa karatasi. Mtahini anapodai gramu na mililita anadai kitu chenye maana: jiko kubwa haliwezi kutegemea mkono wa mtu mmoja. Ingefaa, kwa upande wa pili, mitaala izipe uzito zaidi mbinu za ukaushaji na za kulisha wengi kwa vifaa haba, ambazo ukanda huu unazijua vizuri kuliko vitabu vinavyotumika kufundishia.

Kwa anayetaka kufanya kazi nje ya nchi, cheti hiki kina uzito wa aina yake. Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 na kanuni za mawakala binafsi za mwaka 2014 ziliweka utaratibu wa leseni kwa wanaowatafutia Watanzania kazi, na Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ukawa ofisi ya umma ya kazi hiyo. Wanawake wengi waliokwenda Oman na Falme za Kiarabu walikwenda kama watumishi wa nyumbani, kazi ambayo ndani yake kupika huchanganywa na kufua, kulea na kusafisha bila mpaka wa saa. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 ilieleza mishahara isiyolipwa, pasipoti zilizoshikiliwa na vipigo. Mkataba wa upishi wa hotelini au wa kambi ya wafanyakazi una saa, cheo na ngazi ya mshahara, na anayeuomba huulizwa anathibitishaje ujuzi wake. Hapo ndipo tofauti kati ya kuwa na cheti na kutokuwa nacho hugeuka tofauti ya aina ya maisha.

Majirani wamejenga njia zao. Kenya hutumia Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda kwa mitihani ya madaraja na kwa mafunzo ya lazima ya wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Ghuba. Uganda, kupitia kurugenzi yake ya mafunzo ya viwanda, ilianzisha kijitabu kinachorekodi kazi moja moja ambazo mtu amethibitika kuziweza, hata kama hajakamilisha fani nzima. Ni mpango unaomfaa sana mpishi wa banda anayejua mambo kumi kwa ubingwa na mengine hajawahi kuyagusa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane sifa hizo, na utekelezaji wake kwa kazi za mikono umekwenda polepole kuliko kwa wahandisi na wahasibu.

Nchi zinazopokea wafanyakazi nazo hupima zenyewe. Australia ilianza mapema: sheria ya mwaka 1946 iliyowalenga mafundi waliotoka vitani ndiyo iliyozaa mfumo unaotumika leo kuwapima wahamiaji, na mpishi kutoka baadhi ya nchi hupitia ukaguzi wa nyaraka, mahojiano ya kiufundi na mtihani wa jikoni kabla ya kuombewa viza. Saudi Arabia ilizindua mwaka 2021 programu ya kuthibitisha ujuzi wa wafanyakazi wa kigeni katika nchi wanazotoka. Dubai humtaka kila mshika chakula awe na mafunzo ya msingi ya usalama wa chakula hata baada ya kuajiriwa. Cheti cha VETA hakifuti vipimo hivi. Kinachofanya ni kumpa mwombaji nyaraka ambazo mtahini wa nje anaweza kuzikagua: fani iliyotajwa kwa jina, ngazi, tarehe, na taasisi ya umma inayoweza kuulizwa. Nyaraka zenyewe bado husafiri njia ndefu, kwa kuthibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje na kisha ubalozi wa nchi husika, na kwa mtu wa Rwamagasa au Nyarugusu kila muhuri ni nauli ya Dar es Salaam au Dodoma.

Wanaofaidika zaidi hadi sasa ni wapishi waliopitia migodi mikubwa na hoteli za Kahama, Shinyanga na Geita mjini, kwa kuwa wana hati za utumishi za kuanzia. Mama ntilie wa machimboni hujitokeza wachache. Siku mbili za kupimwa mjini ni siku mbili za banda kufungwa, na katika rashi mteja anayekuta moto umezimwa huhamia kwa jirani. Vituo vinavyotembea, ambavyo watahini wake huwafuata mafundi mahali wanapofanyia kazi, vinaruhusiwa na utaratibu wenyewe wa urasimishaji, na kwa wapishi hawa ndiyo njia inayoelekea kuwafikia.